Mtoto ana miezi minane, mbio za Moshi ni Februari: niache au kuna namna?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka minne, wa pili ana miezi minane, bado ananyonya na usiku huamka mara mbili hadi tatu. Huyu wa pili nilijifungua kwa upasuaji. Naishi Mbezi Luis, kazi yangu iko mjini. Kabla ya ujauzito nilikuwa nakimbia na klabu ya jogging na nilimaliza kilomita 10 mara kadhaa. Nimejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, zimebaki wiki 14, na nilitamani kumaliza kwa saa mbili. Nimepata mtandaoni ratiba ya kukimbia siku tano kwa wiki, kwa hiyo naamka saa 10 na nusu alfajiri. Hii ni wiki ya tatu, mguu wa kulia unauma mbele kwenye ugoko, na nikishuka mlima mkojo unachuruzika kidogo. Mama mkwe anasema maziwa ya mama anayekimbia yanachacha, na mume wangu ana hofu kwamba yatakauka. Nina kilo 62, hedhi bado haijarudi. Niache kabisa, au kuna namna?"

Dada yangu, pole kwa maumivu na hongera kwa kuamka saa hiyo huku usiku umenyonyesha mara tatu. Ipo namna, lakini si hiyo ya siku tano. Ukiendelea na ratiba hiyo hivi ilivyo, ugoko ndio utakaokusimamisha, tena pengine kwa miezi. Ukiibadilisha leo, kufika Moshi na kumaliza kilomita 21 kwa kuchanganya mbio na kutembea kunawezekana. Saa mbili za kumalizia ziweke kando kwa mwaka huu. Nitaeleza kwa nini.

Nianze na maziwa, maana nadhani ndiyo yanayokunyima raha nyumbani. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Mtu akikimbia kwa nguvu zote, kiasi kidogo cha asidi ya laktiki kinachozalishwa na misuli hupita kwenye maziwa kwa muda mfupi, na hakimdhuru mtoto. Kwa mbio za kawaida, zile unazoweza kuongea huku unakimbia, tofauti ni ndogo mno. Mtoto akilikataa titi baada ya mbio, mara nyingi ni chumvi ya jasho kwenye chuchu. Futa kwa maji safi, pumzika kidogo, mpe tena.

Hofu ya mume wako ina msingi, ila sababu yake si mbio zenyewe. Titi hutengeneza maziwa kulingana na linavyonyonywa au kukamuliwa. Yanapungua pale titi linapokaa limejaa kwa saa nyingi, na pale mama anapokula kidogo mno kwa muda mrefu. Jambo la tatu ni sidiria ya michezo. Ikibana kupita kiasi na ukakaa nayo tangu alfajiri hadi unafika kazini, titi linaweza kupata uvimbe, likawa gumu, jekundu na lenye joto, ukaishia na homa. Mnyonyeshe au kamua kabla ya kutoka, vaa sidiria inayoshika bila kuacha alama nyekundu kwenye ngozi, na ivue mara tu unaporudi.

Sasa hesabu ya chakula, kwa sababu hapa ndipo kina mama wengi wanaokimbia wanapoumia bila kujua. Mama anayenyonyesha mtoto aliyekwisha kuanza uji na vyakula vingine hutumia takriban kilokalori 400 zaidi kwa siku. Kukimbia hutumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kwa kilo zako 62, kilomita 25 kwa wiki ni kama 1,550, yaani 220 hivi kwa siku. Jumla ni zaidi ya 600 kila siku juu ya mahitaji yako ya zamani. Hiyo ni sawa na chapati mbili na kikombe cha mtindi, na zinatakiwa ziongezeke kwenye mlo wako kamili, zisichukue nafasi ya chakula cha mchana. Sasa fikiria siku ya kawaida: umekimbia alfajiri, umewahi daladala na chai ya rangi tu tumboni, umekula saa 8 mchana. Mwili unapokosa, haupunguzi maziwa kwanza. Unapunguza matengenezo yake: mifupa, homoni, kinga dhidi ya maradhi.

Kwa mwanamke asiyenyonyesha, dalili ya kwanza ya upungufu huo mara nyingi ni hedhi kupotea. Kwako dalili hiyo imefichika, maana kunyonyesha peke yake kunaweza kuzuia hedhi. Kwa hiyo angalia mambo mengine: uzito unashuka zaidi ya nusu kilo kwa wiki, unahisi baridi wenzako wakiwa na joto, mafua hayaishi, hasira za karibu, au mbio zilezile zinazidi kuwa nzito wiki hadi wiki. Yakijitokeza mawili au matatu kwa pamoja, ongeza chakula kwanza, kilomita zisubiri.

Hayo ya chakula yanatupeleka moja kwa moja kwenye ugoko. Mfupa unapopewa kazi mpya haujengeki papo hapo. Kwanza chembe maalumu hubomoa sehemu iliyochakaa, kazi ya wiki chache, ndipo nyingine hujenga upya, na ujenzi huchukua miezi. Kwa hiyo wiki ya tatu au ya nne ya mazoezi mapya mfupa huwa dhaifu kuliko siku ulipoanza, wakati mapafu na misuli vimeshapata nguvu na vinakudanganya kwamba uko tayari. Juu ya hapo, kunyonyesha huchota kalsiamu kwenye mifupa ya mama. Ni jambo la kawaida na mifupa hurudi vizuri baada ya mtoto kuachishwa, lakini kwa sasa huna akiba ya kuchezea. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi ndivyo vitakusaidia. Mchicha ni mzuri kwa mambo mengine, ila kalsiamu yake mwili huipata kwa shida.

Fanya hivi leo jioni. Kaa kitini, weka mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, kisha kwa kidole gumba bonyeza ukingo wa ndani wa ugoko, sentimita moja baada ya nyingine, kutoka juu ya kifundo kupanda hadi karibu na goti. Kama maumivu yametandaa kwenye eneo refu, upana wa vidole vitatu au zaidi, na hupungua mwili ukipata moto, kuna uwezekano mkubwa ni utando wa mfupa na misuli inayoshikana nao vimechoshwa. Kama ni sehemu moja ndogo kama sarafu, ukiigusa unaruka, na inauma hata ukitembea au usiku ukiwa umelala, acha kukimbia kabisa na umwone daktari ndani ya wiki hii. Huenda mfupa una ufa. Na ufahamu hili: picha ya eksirei katika wiki za mwanzo inaweza kutoka safi ilhali ufa upo. Ukiambiwa picha haina tatizo na maumivu ya sehemu hiyo moja yanaendelea, rudi, usianze kukimbia.

Tafadhali usinywe diklofenaki ili umalize mazoezi. Inazima maumivu ambayo ndiyo kipimo chako pekee, na ukichanganya na jasho jingi na maji kidogo, figo zinaumia.

Ikiwa ni yale maumivu yaliyotandaa, pumzika mbio kwa wiki mbili hadi tatu. Tembea, au endesha baiskeli kama unayo na haikuumizi. Utarudi kukimbia siku utakapotembea dakika 30 kwa haraka, ukaruka kwa mguu wa kulia peke yake mara 10, na kesho yake asubuhi mguu ukawa kimya.

Mkojo. Wanawake wengi huambiwa "ndiyo uzazi huo, utazoea", na wengi huacha mbio kimyakimya kwa ajili yake. Ni jambo linalowapata wengi, lakini si jambo la kuzoea, na mara nyingi linatibika. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa. Miezi tisa ya kubeba mimba huivuta, hata kama mtoto alitoka kwa upasuaji, kwa hiyo usidhani kisu kilikuepusha. Unapokimbia, kila mguu unapotua ardhi hukurudishia nguvu ya mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wako. Kwako ni kati ya kilo 124 na 155, maelfu ya mara kwa nusu saa. Mteremkoni mwili unatua kutoka juu zaidi na hatua zinakuwa ndefu, ndiyo maana mkojo unakutoka ukishuka na si ukiwa tambarare. Njia ya nusu marathoni ya Moshi hupanda kuelekea Mweka kisha hurudi mjini kwa kushuka, hivyo tatizo hilo litakukuta umechoka, kilomita za mwisho.

Zoezi lake ni hili. Lala chali, magoti yamekunjwa. Kaza kama mtu anayezuia ushuzi na mkojo kwa wakati mmoja, halafu kama unavivuta juu kuelekea kitovuni. Makalio na mapaja yasikaze, pumzi isizuiwe. Shikilia sekunde 8 hadi 10, achia kabisa kwa muda uleule, rudia mara 8 hadi 10. Kisha kaza na kuachia haraka mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Kila anaponyonya mtoto mchana ni ukumbusho mzuri. Kuachia ni muhimu kama kukaza, maana misuli inayobaki imekaza muda wote nayo huchoka na kuvuja. Usijifunze kwa kukata mkojo ukiwa chooni, huo si mchezo wa kila siku. Mabadiliko ya kweli huhitaji miezi mitatu, kwa hiyo anza leo. Mteremkoni fupisha hatua, ziwe nyingi na nyepesi, na usijirudishe nyuma kama anayefunga breki. Hiyo inausaidia ugoko pia.

Kuhusu kovu la upasuaji: ukuta wa tumbo hurudisha nguvu polepole, na wiki sita baada ya upasuaji, pale wengi wanapoambiwa wamepona, unakuwa na karibu nusu tu ya nguvu yake ya awali. Kwa miezi minane uko mahali pazuri. Lakini ukilala chali na kuinua kichwa, tazama kama katikati ya tumbo panachomoza tuta. Likichomoza, acha kwa sasa mazoezi ya kukunja tumbo na umwonyeshe mtaalamu.

Tuje kwenye ratiba. Ile ya siku tano iliandikwa kwa mtu anayelala. Mwili hautengenezwi wakati wa kukimbia, hutengenezwa usingizini, na usingizi wako unakatwa vipande vitatu hadi vinne. Kwa hiyo idadi ya mbio ipangwe kufuata usiku ulivyokuwa. Siku tatu za kukimbia kwa wiki zinakutosha, pamoja na mara mbili za mazoezi ya nguvu nyumbani, dakika 20 tu, mtoto akiwa kwenye mkeka pembeni.

Mazoezi ya nguvu yasionekane kama nyongeza ya hiari. Kwako yanatangulia mbio. Simama kwa mguu mmoja kwenye ngazi, inua na kushusha kisigino taratibu, mpaka ufikie mara 20 kila mguu bila kuyumba. Nyanyuka kutoka kwenye kiti kwa mguu mmoja mara 10. Lala chali, inua makalio kwa mguu mmoja mara 15. Yakiwa mepesi, vaa begi mgongoni na uweke mfuko wa unga wa kilo 5. Shavu la mguu lenye nguvu hupokea mshtuko ambao sasa unakwenda moja kwa moja kwenye ugoko.

Ukishapita wiki tatu za kuuguza mguu, utabaki na wiki 11. Wiki ya nne anza kwa kukimbia dakika 2, kutembea dakika 1, mara 10. Siku moja katikati ya wiki iwe ya dakika 30 hadi 40 nyepesi, kwa mwendo wa kuweza kusimulia jambo bila kukatika pumzi. Siku nyingine, kuanzia wiki ya saba, iwe ya kilima, na hapo Mbezi una bahati, barabara ya kwenda Goba ina milima ya kutosha: panda kwa juhudi dakika 2, shuka kwa kutembea, mara 4, ukiongeza polepole hadi 8. Wikiendi ndiyo mbio ndefu: kilomita 5 wiki ya nne, kisha 6 na nusu, 8, 9. Wiki ya nane shuka hadi 6 ili mfupa ufidie. Ya tisa iwe 10, kisha 12, 13, na 15 wiki ya 12. Wiki ya 13 kilomita 8 tu. Zaidi ya 15 sikushauri. Kinachoumiza wakimbiaji wengi ni siku moja kuruka mbali kuliko mwili ulivyowahi kufika karibuni, na katika wiki 11 hakuna njia salama ya kufika 18 au 20. Ndiyo maana nimeziweka kando saa mbili: zinahitaji takriban dakika 5 na sekunde 40 kwa kila kilomita kwenye njia yenye mlima, na msingi huo haujengeki kwa muda uliobaki. Kilomita 15 zinatosha kumaliza 21 ukitembea mlimani na kukimbia dakika 9, kutembea 1 kwingineko.

Kuna sheria mbili za usiku. Ukilala chini ya saa tano kwa jumla, siku ya kilima inageuka kuwa ya kutembea. Usiku wa namna hiyo ukija mara mbili mfululizo, lala, mbio zimefutwa. Na mbio iliyofutwa isilipwe kesho yake. Kufidia ndiko kunakorundika kilomita 20 ndani ya siku tatu. Mtoto akiugua ukakesha, hesabu wiki hiyo kama ya mapumziko bila majuto, kwani pumzi haipotei kwa siku saba au kumi. Ukipata malaria, maliza dozi, kisha tembea tu kwa wiki moja kabla ya kukimbia.

Kuhusu klabu yako, nenda nao, kukimbia kundini alfajiri ni salama kuliko peke yako. Ila jogging ya Jumapili huenda kwa mwendo wa kundi, na nyimbo na filimbi hukuvuta zaidi ya ulichopanga. Waage kwenye kilomita yako. Kaa na mume wako pia mkubaliane kwa majina ya siku: nani anaamka na mtoto usiku wa kuamkia mbio ndefu, na yeye anapumzika lini. Mbio ndefu na safari yake ni saa mbili na nusu. Acha maziwa uliyokamua kwenye friji, yanakaa vizuri hadi siku nne. Mezani kwa joto la Dar, usizidishe saa nne, na afadhali pungufu.

Joto la Desemba hadi Februari si la kupuuza. Maliza kabla jua halijapanda. Jipime uzito kabla na baada ya mbio ya saa moja. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Rudisha taratibu mchana kutwa, pamoja na chakula chenye chumvi. Siku ya mbio kunywa kwa kiu, usinywe kwenye kila meza ya maji kwa sababu ipo, maana maji yaliyozidi hushusha chumvi ya damu na yanaweza kuleta degedege.

Mwisho wa wiki ya tisa jipime bila kujionea huruma. Umekimbia kilomita 10, ugoko uko kimya siku iliyofuata, na chupi ni kavu? Endelea na 21. Moja kati ya hayo likikosekana, nenda Moshi ukakimbie zile kilomita 5 na familia, nusu marathoni iwe ya mwaka ujao.

Kabla ya yote hayo, pima wingi wa damu, kwa sababu baada ya mimba mbili upungufu ni jambo la kawaida na huufanya kila mlima uwe mrefu. Ili mwili upate vizuri madini ya chuma yanayojenga damu, chai isinywewe pamoja na chakula, isubiri saa moja hivi. Maharage, dagaa na mboga zikamulie ndimu. Usisubiri wiki iishe kama kifua kinauma, moyo unapiga ovyo, unakosa pumzi ukilala chali, miguu yote inavimba, au shavu la mguu mmoja limevimba na lina joto. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo, kwani moyo unaweza kudhoofika kutokana na uzazi hata miezi kadhaa baadaye. Vilevile ukihisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, acha mbio mpaka uchunguzwe.

Kwa mkojo na ugoko, idara ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) ya hospitali kubwa kama Muhimbili ndipo pa kuanzia. Ukifika, usiseme mguu peke yake. Sema waziwazi: "Nina mtoto wa miezi minane, nilijifungua kwa upasuaji, nikikimbia mteremko navuja mkojo, nataka misuli ya nyonga ipimwe." Si kila anayepokea wagonjwa atauliza, na ukinyamaza utarudi nyumbani na dawa ya mguu tu.